Kware wa Mzee Athmani

Mwezi uliopita, nilipovua aproni kwa mara ya mwisho, wenzangu wa jikoni mliniomba niseme maneno mawili. Nikasema "Asanteni," nikaketi. Halikuwa jambo la kiburi. Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amesimama mbele ya keki ya kuagwa. Sasa niko nyumbani Mwanda, baridi ya asubuhi inanikalisha karibu na meko, na mkono uliozoea mwiko haujui pa kukaa. Basi niwaandikie. Vyeo na mishahara nitaviacha, maana havifundishi mtu kupika. Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kupika kware wa kujazwa, na habari za mtu aliyenifundisha, kwa kuwa chakula hicho mnakipika mpaka leo na hakuna hata mmoja wenu aliyemwona mwenyewe.

Niliajiriwa kwa sababu ya nguruwe. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeoa juzijuzi, shamba letu la mlimani halitoshi ndugu wote. Nikateremka Voi kutafuta kazi. Karibu na stesheni kulikuwa na hoteli ndogo, vyumba vichache na veranda ndefu yenye wavu wa mbu. Waliolala pale walikuwa wazungu watupu: wasafiri wa Mombasa na Nairobi, watu wa kutazama ndovu, na wale waliokuwa wakitafuta madini huko Kishushe, ambao waliingia wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi na kuuliza bia kabla ya kuuliza chumba. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Treni nyingine zilipita zimebeba mahabusu, madirisha yamefungwa, askari wamesimama milangoni. Jikoni tulinyamaza mpaka zipite, kisha tukaendelea kumenya viazi. Hatukuulizana kitu.

Mwenye hoteli alikuwa mzungu mmoja mnene tuliyemwita Bwana Miwani. Mpishi wake alikuwa Mzee Athmani, Mwislamu wa Taveta, mrefu, mwembamba, kofia yake nyeupe imefuliwa ikafulika. Nyama ya nguruwe hakuigusa. Wageni nao waliitaka asubuhi na jioni. Msaidizi aliyekuwa akimkatia nyama hiyo alikuwa amerudi kwao Ukambani, ndipo Bwana Miwani akaagiza atafutwe Mkristo mwenye mikono safi. Mikono yangu ilikaguliwa mlangoni, pande zote mbili.

"Unaitwa nani?" Mzee Athmani aliniuliza.

"Simeoni Mwadime."

"Wa wapi?"

"Mwanda, Mzee."

"Nguruwe unakula?"

"Nikimpata, nakula."

Hakukunja uso. Alinionyesha kwa kidevu. "Kisu kile chenye mpini mweusi ni chako. Ubao ule ni wako, na sufuria za rafu ya chini. Vyangu usiviguse, nami sitavigusa vyako. Tutaelewana."

Na kweli tulielewana. Siku ile ya kwanza nilikata nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi vipande vyembamba mpaka kidole kikafa ganzi, naye akawa anapita nyuma yangu mikono ameifunga mgongoni, akisema "vyembamba zaidi", "bado", "zaidi". Hakuniambia kwa nini. Nilidhani ni ukali wa wakubwa tu. Nilikuwa sijui kwamba vipande vile vilikuwa vya kufunika vifua vya kware.

Kware wa kujazwa ndio waliokuwa sifa ya hoteli ile. Kuna wageni walioteremka treni Voi hali hawana shughuli yoyote Voi, wakala, wakalala, wakapanda treni ya kesho yake. Na mtu aliyekuwa akisifiwa kwa chakula hicho hakuwa amewahi kukitia mdomoni. Ndege wenyewe waliletwa na wawindaji wakiwa wamekwisha kufa kwa risasi, hawakuchinjwa, na juu ya hayo walitiwa nguruwe ndani na nje. Kwa Mzee Athmani ilikuwa haramu juu ya haramu. Alijifunza mapishi hayo ujanani, kule Taveta, kwa mama mmoja wa kizungu mwenye shamba, ambaye alimwonyesha kwa mikono, na tangu hapo alikuwa akiyapika kwa macho, pua na masikio. Alisimama mahali sahani zilipokuwa zikirudi, akatazama kilichobaki. Huo ndio ulikuwa ulimi wake.

Siku yangu ya kwanza ya kupika kware ilifika kabla sijawa tayari. Mtafuta madini mmoja alitoka Kishushe na gari bovu, nyuma ametupa kware gunia zima, akataka wawe chakula cha jioni chake na cha rafiki zake. Mzee Athmani akanisogezea kiti, akaniambia nikae.

"Leo utawapika wewe. Mimi nitasema."

"Mzee, nitawaharibu."

"Utaharibu mmoja. Anza."

Nikaanza. Kware hachovywi maji ya moto kama kuku, ngozi yake ni nyepesi na itang'oka pamoja na manyoya. Niliwanyonyoa wakavu, polepole, nikienda kule manyoya yanakolala. Nikawapitisha juu ya mwali kuondoa vinyweleo. Nikawafungua kwa chini, tundu la kuingia vidole viwili tu, nikatoa matumbo, nikaweka maini kando. Wote niliwakagua kwa ncha ya kidole kutafuta risasi, kwa sababu meno ya mgeni yakigonga risasi, jina linaloitwa ni la mpishi.

Kisha kijazo. Mkate wa juzi uliokaushwa na kupondwa, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa laini bila kugeuka rangi, maini yaliyokatwakatwa, kotmiri iliyopandwa nyuma ya jikoni, pilipili manga, na ile nyama ya chumvi. Nikashindilia kama mtu anayejaza gunia la mahindi.

"Unamjaza sana," alisema.

"Mzee, wageni wana njaa."

"Mkate utafura. Mwachie nafasi ya kupumua."

Nikampunguza yule niliyekuwa nimemshika, lakini waliotangulia sikuwafungua tena, nikaona nitachelewa. Nikawashona kwa sindano na uzi wa pamba, nikaacha mkia mrefu wa uzi ili mtu auvute uondoke wote kwa mara moja. Nikawafunga miguu. Vifuani nikawalaza vile vipande vyembamba, maana kware hana mafuta yake mwenyewe, na moto ukimkuta uchi unamkausha.

Jiko letu lilikuwa la chuma, la kuni, na halikuwa na saa wala kipimo. Mzee Athmani alinyunyiza unga kidogo kwenye bati, akalitia ndani, akalitoa. Unga ulikuwa umegeuka rangi ya mchanga wa mto. "Sasa," alisema. Unga ukiwa mweusi, ngoja. Ukiwa mweupe, ongeza kuni. Nimetumia majiko ya gesi na ya umeme yenye namba zinazowaka, na bado nikiwa peke yangu nilikuwa nikiyatilia unga. Nadhani mlinichungulia mkacheka.

Alivuta kigoda akaketi karibu na mlango wa jiko, kichwa amekiinamisha. Mafuta yalianza kulia ndani, kwanza kwa sauti kubwa kama mvua juu ya mabati, halafu ikapungua. Ghafla tukasikia mlio kama wa mtu aliyepiga kofi juu ya maji.

"Mmoja amepasuka," alisema, wala hakufungua mlango kuhakikisha.

Wengine walitoka salama, wa rangi ya kahawia, wakang'aa. Yule aliyepasuka alikuwa ametapika mkate wake wote kwenye bati. Waliotoka vizuri walipelekwa mezani. Huyu akawekwa mbele yangu.

"Kula," akasema Mzee Athmani. "Kisha uniambie."

Nikala. Nilikuwa sijawahi kula kitu kama kile. "Ni tamu, Mzee."

"Tamu si neno. Sukari ni tamu. Mtoto ni mtamu. Niambie."

Nikatafuta maneno nikayakosa. Nikaona haya kwa sababu nilijua anachouliza na nilijua hawezi kujijibu mwenyewe.

"Sema kwa Kidawida kwanza, lugha ya kwenu," akaniambia, sauti imeshuka. "Kiswahili chake tutakitafuta pamoja."

Nikamwambia kwamba nyama ya kifua inaanza kama ya kuku, halafu kwa nyuma inakuja ladha ya majani makavu, kama harufu ya mbuga ikinyeshewa. Chumvi iko kwenye ngozi, lakini ndani ya mkate haipo, na mkate umenywa mafuta mengi. Alisikiliza amefumba macho. Akauliza maini yanasikika au yamepotea. Nikasema yamepotea. "Basi next time..." Hapana, hakusema hivyo, hivyo ndivyo mnavyosema ninyi. Alisema, "Basi safari ijayo yakate makubwa kidogo."

Tangu siku ile nikawa ulimi wake. Kila kware walipopikwa, mmoja alikuwa wangu, na nilimla nimesimama mbele yake nikiulizwa maswali. Mke wangu hakuniamini nilipomweleza kuwa hiyo nayo ni kazi.

Tulienda hivyo miaka kadhaa. Halafu Mzee Athmani akaanza kuegemea meza. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, akisema mgongo, akisema joto. Kofia ikaanza kumwingia hadi masikioni. Chai aliyokuwa akinywa asubuhi akawa anaiacha ikapoa. Bwana Miwani ndiye aliyempandisha treni kwenda hospitali Mombasa, na alipoteremka tena Voi alikuwa ameshikwa kwapa na mkewe, Bi Rukia. Walikuwa na nyumba ya makuti upande wa pili wa reli. Madaktari walikuta uvimbe tumboni. Wakasema hakuna la kukata, akapumzike.

Jikoni nikabaki mimi. Niliwapika kware peke yangu, nikavuta uzi peke yangu, nikaonja bila mtu wa kuniuliza. Wageni hawakujua. Walimwita Bwana Miwani mezani wakamwambia, mpe Athmani salamu, bado mkono wake ni ule ule.

Niliona ni habari njema, nikamfikishia. Ilikuwa alasiri, amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, Bi Rukia anachambua mchele karibu naye. Nikamweleza maneno ya wageni jinsi yalivyosemwa.

"Simeoni," akasema, "watu wale wanakula nini?"

"Kware, Mzee."

"Kware najua. Nauliza ni kitu gani wanachokula. Mimi nimekipika toka ndevu hazijaota. Sikijui. Nikisifiwa naitikia tu, kama mtu anayeitikia jina la mwenzake." Akapumzika. "Huenda walikuwa wananihurumia."

"Hakuna mzungu anayepanda treni toka Nairobi kuja kumhurumia mpishi," nikamwambia.

Akatabasamu kidogo, lakini macho hayakuwa yanatabasamu. Niliaga. Bi Rukia akanisindikiza mpaka kwenye ua.

"Baba," akaniambia, ingawa nilikuwa sijapata mtoto, ndivyo alivyozoea kuniita kwa kunitakia heri, "tangu tutoke Mombasa hajataja chakula. Nampa uji, anaurudisha. Leo ndiyo kwanza namsikia anazungumza habari ya kula. Hata kama ni ya kuuliza."

Nilivuka reli nikiwa nimekwisha kuamua. Kilichomzuia kilikuwa vitu viwili, risasi na nguruwe, na vyote viwili vilikuwa na dawa. Kilichokuwa hakina dawa ni muda.

Shemeji yangu Mwamburi alikuwa akichunga ng'ombe Ndara. Nikamfuata huko siku yangu ya mapumziko, kwa lori lililokuwa likipeleka maji. Nikamwambia nataka kware wazima, wasio na jeraha.

"Wazima wa nini? Unataka kufuga?"

"Kuna mtu anataka kuwachinja mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Mwamburi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisokota nyuzi za mkonge zikawa vitanzi, akavitandaza kwenye njia ya kware katikati ya majani, akamwaga mtama. Tulilala kifudifudi nyuma ya kichaka cha miiba, jua likituchoma shingo, tukiwasikia wanaitana na hawaji. Kundi la kwanza likala mtama wote wa pembeni likaondoka limeshiba. Nilivunjika moyo nikataka kuinuka. Mwamburi akanikandamiza bega kwa kiganja chake. Jua lilipoanza kushuka wakaja wengine, na safari hii vitanzi vikakaza. Tulipata wanne. Nikawatia kwenye tenga, nikalifunika kwa shuka langu watulie.

Asubuhi niliwahi hotelini kupika kifungua kinywa, tenga nimeliweka kivulini nyuma ya jikoni. Nilitaka kumaliza, niombe ruhusa ya mchana, nivuke reli. Bwana Miwani akapita kule nyuma, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akasikia ndege wanakwaruza. Akafunua shuka.

"Ah! Kware! Mzuri sana, Simeoni. Leo mchana iko wageni kutoka Nairobi, wakubwa. Pika hii."

Siku zile mtu alifukuzwa kazi kwa neno moja, na nyuma ya lango walikuwapo watu kumi wanaoitaka. Nilimfikiria mke wangu aliyekuwa mjamzito wakati huo, na shamba lisilotosha.

"Hawa si wa hoteli, Bwana."

"Ya nani?"

"Wa Athmani."

Akanitazama kama aliyesikia vibaya. "Athmani iko mgonjwa. Athmani hapana kula hii. Mimi najua miaka mingi."

"Hawa atakula, Bwana. Ni wazima. Atawachinja kwa mkono wake. Hajawahi kuonja, Bwana. Hata mara moja."

Bwana Miwani akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso mwingine, uliochoka. Akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Nilingoja. Ndege wakakwaruza tenga.

"Hata mara moja," alisema, nusu kwake mwenyewe. Kisha akavaa miwani, akafunika tenga. "Nenda. Jioni rudi. Na wiki ijayo hapana iko siku ya kupumzika."

Wakubwa wa Nairobi walikula nyama ya kopo mchana ule. Nilisikia baadaye kuwa hawakufurahi.

Kile kisu chenye mpini mweusi nilikiacha hotelini. Nilisugua mikono kwa majivu, kisha sabuni, mpaka kwenye viwiko. Kwa Bi Rukia nilitumia kisu chake, sufuria yake, uzi wake. Badala ya nguruwe nilipita bucha ya Waislamu nikachukua mafuta ya figo ya mbuzi. Nilipoyaweka chini na kufunua tenga barazani, Mzee Athmani aliinua kichwa.

"Nini hicho?"

"Kware, Mzee. Hawana risasi."

Aliwatazama. Akanitazama mimi. Akaelewa bila mimi kuendelea. Akamwambia Bi Rukia, "Niinue."

Tulimkalisha kwenye mkeka uani, ameelekea kibla, mgongo wake umeegemea kifua cha mkewe. Nikamshikia ndege mmoja baada ya mwingine. Aliweka kisu shingoni mwa wa kwanza. Akakiondoa, akashusha pumzi, akaanza upya. "Bismillahi, Allahu Akbar," alisema kwa kila mmoja, na kwa wa mwisho sauti ilikuwa pumzi tu. Alikuwa amelowa jasho. Bi Rukia akamfuta uso, akamlaza.

Kware niliwapika pale uani, mahali anaponiona. Jiko la chuma hatukuwa nalo. Nilipanga mawe matatu, nikaweka sufuria nzito, nikawapanga ndani wamefunikwa mafuta ya mbuzi yaliyokatwa kama karatasi, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko kama wanavyofanya wanawake wa pwani wakichoma mkate. Maini niliyakata makubwa kidogo. Nilijaza kwa kuacha nafasi. Kwa mara ya kwanza Mzee Athmani hakunielekeza kwa maneno. Aligeuza sikio upande wa sufuria, akatulia, mpaka mlio ulipopungua, nami nilipopeleka mkono kwenye mfuniko nikamwona anatikisa kichwa kidogo, bado. Nikangoja. Akaitikia. Nikafunua.

Bi Rukia alileta sinia. Nikamwekea mmoja mzima mbele yake, nikavuta uzi, nikarudi nyuma nisimame kama nilivyozoea.

"Kaa," akasema. "Utakulaje umesimama? Hapa si hotelini."

Nikakaa. Mimi na yeye tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega miaka yote ile na hatukuwahi kula pamoja, vyombo vyake mbali na vyangu mbali. Akanisogezea sinia katikati. Nikanawa. Tukatia mkono pamoja, yeye, mimi na Bi Rukia.

Alichukua kipande kidogo cha kifua, na kijazo kidogo kwa ncha za vidole. Alitafuna polepole sana. Alimeza kwa shida, akafumba macho kwa maumivu, nami nikaogopa kwamba nimemletea mateso. Kisha akachukua tena. Na mara ya tatu. Bi Rukia alikuwa ameacha kula, anamtazama mkono.

"Simeoni."

"Naam, Mzee."

"Tangawizi haimo."

Sikuelewa. "Hukunifundisha kutia tangawizi, Mzee."

"Ningekufundishaje? Nilikuwa sijaonja." Akajifuta mdomo. "Maini ni mazito, yanalala ulimini. Yanataka kitu cha kuyaamsha. Tangawizi mbichi, kidogo, uitwange. Usiikaange. Kesho tia."

Kesho yake nikatia. Walikuwapo watu wa Kishushe na kware wao. Nilitwanga tangawizi, nikaonja, na nikajua kwamba miaka yote ile tulikuwa tumepika chakula ambacho hakijakamilika. Mgeni mmoja alikuja mpaka mlango wa jikoni na leso shingoni, akauliza kama Athmani amerudi kazini. Jioni nilivuka reli nikampa habari hiyo. Alicheka mpaka akashika tumbo, na Bi Rukia akanigombeza kwa kumchekesha.

Baada ya hapo hakula tena kitu kigumu. Aliishi siku chache, akiwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona, akafa asubuhi baada ya sala ya alfajiri. Walimzika siku ile ile. Bwana Miwani alikuja makaburini, akasimama nje ya ua kofia mkononi, jua likamchoma upara. Mimi sikujua mahali pangu ni wapi, Mkristo katikati ya watu wa msikiti. Mzee mmoja akanishika mkono akanileta karibu, akaniambia nitie udongo. Nikatia.

Kwa muda nilikuwa na uzito moyoni ambao sikumwambia mtu. Aliniuliza watu wanakula nini, nami nilitaka ajibiwe, na jibu lake lote likawa kwamba kuna kiungo kimepungua. Nilijiambia ndivyo mafundi walivyo. Lakini nilikuwa nikitwanga tangawizi ile na kuwaza kwamba labda alikata tamaa. Labda alionja akaona sifa zote zile zilikuwa za bure.

Siku ya arobaini Bi Rukia alisoma hitima, akaniita nimsaidie kupika pilau. Wageni walipoondoka tulikuwa tunaosha masufuria uani, mimi na yeye. Nikajikuta nimemuuliza.

"Bi Rukia, siku ile ya kware. Mzee alisikitika?"

Aliacha kusugua. "Nani kakwambia alisikitika?"

"Alisema tangawizi haimo. Hakusema kingine."

"Kwako. Wewe ni mwanafunzi wake, angekwambia nini kingine?" Alimwaga maji, akasimamisha sufuria ikauke. "Ulipokwisha kuvuka reli aliniita nikae karibu. Nikadhani anataka maji. Akanishika mkono, analia. Akaniambia, Rukia, kumbe nilikuwa nawalisha watu chakula kizuri."

Akachukua sufuria nyingine. Mimi nilishindwa kushika chochote. Nilisimama pale uani, mikono inadondosha maji, mpaka aliponiambia nishike upande wa pili tuigeuze.